Jinsi ya Kujenga Njia ya Lami ya Waenda kwa Miguu Nyumbani na Kwenye Eneo la Biashara

Njia ya lami inayotoka langoni hadi mlangoni, au inayozunguka jengo la biashara, huonekana kuwa kazi nyepesi kwa kuwa haibebi malori wala mabasi. Wepesi huo ndio unaowaponza wengi. Lami nyembamba humwagwa juu ya udongo uliokwanguliwa tu, njia ikapendeza kwa miezi michache, kisha nyufa zikaanza pembeni, nyasi zikachomoza katikati na maji yakatuama mbele ya mlango. Ukiifukua njia ya namna hiyo, mara nyingi utakuta kwamba lami yenyewe haikuwa na kasoro kubwa. Kilichoharibika ni kile kilichokuwa chini yake. Mhandisi wa Kiskoti John Loudon McAdam, aliyefariki mwaka 1836, alishikilia kwamba mzigo wote wa barabara hubebwa na udongo wa asili, na kwamba udongo huo ukitunzwa usilowe hautatitia. Lami hufanya kazi mbili tu: kuwapa watu mahali safi pa kukanyaga na kuyazuia maji yasishuke. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu maji na msingi.

Kupanga njia na mwelekeo wa maji

Kabla ya kupigilia vigingi na kuvuta kamba, tazama watu wanapita wapi kwa sasa. Njia yenye kona kali ya mraba itakatwa tu na wapitaji, na baada ya muda kutakuwa na kichochoro cha vumbi kando ya lami uliyoilipia, kwa hiyo ni afadhali kona iwe ya mviringo tangu mwanzo. Kwa nyumba ya kawaida upana wa mita 1.2 unatosha mtu mmoja mwenye mizigo, lakini watu wawili wakipishana mara kwa mara uongeze ufike mita 1.5, na mbele ya biashara inayopokea wateja wengi usishuke chini ya mita 1.8. Mtumiaji wa kiti cha magurudumu naye akumbukwe mapema: mwinuko wa njia ya kawaida usizidi mita 1 ya kupanda kwa kila mita 20 za urefu, na palipo na mteremko mkali unaolazimisha kujenga rampu, isizidi mita 1 kwa kila mita 12.

Maji ndiyo yanayotaka kufikiriwa zaidi. Njia iinamishwe upande mmoja kwa sentimita 2 kwa kila mita ya upana, na mwinamo huo uelekee mbali na ukuta wa jengo. Njia ya upana wa mita 1.2 itakuwa na tofauti ya takribani milimita 24 kati ya ukingo wa juu na wa chini, tofauti ambayo mguu hauihisi lakini maji huifuata. Inayopakana na ukuta inapaswa kukaa walau milimita 150 chini ya tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi wa nyumba. Ukiipandisha juu ya hapo, matone ya mvua yatakuwa yakiulowesha ukuta kila msimu. Jiulize pia maji hayo yakishatoka kwenye njia yanakwenda wapi. Kuyaelekeza kwenye bustani au mtaro ni sawa, ila kuyasukumia kwa jirani au kwenye kona isiyo na mtokeo ni kuhamisha tatizo tu.

Hapo hapo kagua mabomba ya maji, nyaya za umeme na mizizi ya miti. Mzizi mnene unaopita katikati ya njia utainyanyua lami bila shaka, na kuukata kunaweza kuudhoofisha mti hadi ukaanguka, kwa hiyo ni heri kuipindisha njia. Vilevile laza bomba tupu la plastiki la kuvuka chini ya njia, hata kama huna matumizi nalo sasa. Siku utakapotaka kupitisha waya wa taa au mpira wa kumwagilia, hutalazimika kuipasua lami.

Kuchimba

Kwa njia ya waenda kwa miguu, panga kuwa na milimita 100 za msingi wa kokoto na milimita 50 za lami, vipimo vyote vikiwa ni vya baada ya kushindilia. Hiyo ina maana kwamba njia itakayolingana na ardhi huchimbwa kina cha milimita 150. Udongo ukiwa wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ongeza msingi ufike milimita 150. Na kama kuna sehemu ambayo gari litavuka, hata mara chache, sehemu hiyo ipewe msingi wa milimita 200 na lami ya milimita 75 iliyowekwa kwa matabaka mawili. Chimba sentimita 15 zaidi kila upande kuliko upana wa lami, kwa sababu ukingo usio na msingi wa kutosha chini yake ndio wa kwanza kumeguka.

Ondoa udongo wote mweusi wa juu pamoja na mizizi yake, kwa kuwa masalia ya mimea yakioza huacha uwazi. Kisha shindilia sakafu ya shimo kwa kompakta, yaani mashine ndogo ya kushindilia, na uijaribu kwa njia rahisi: jaza toroli mawe, ulisukume polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, na mtu mwingine ainame akitazama gurudumu. Panapozama au panaponesanesa pana udongo laini au unyevu uliofichika. Hapo usishindilie zaidi ukitumaini patakaza. Pachimbe, utoe udongo huo, ujaze mawe au kifusi kigumu na ushindilie upya. Penye mfinyanzi mwingi, tandika kitambaa maalumu cha kutenganisha udongo na kokoto, la sivyo kokoto zitazama kwenye tope mvua inapokolea.

Msingi wa kokoto

Kokoto zinazofaa ni zile zilizopondwa, zenye mchanganyiko wa ukubwa kuanzia milimita 20 au 25 hadi vumbi lake. Kokoto safi za ukubwa mmoja huvutia machoni, ila hazishikani, huteleza zenyewe kwa zenyewe chini ya mashine. Mawe ya mtoni yaliyoviringika nayo hayafai kwa sababu hiyo hiyo.

Mwaga kokoto kwa matabaka yasiyozidi milimita 100 na ushindilie kila tabaka kabla ya kuweka jingine, kwa maana kompakta ndogo haifikishi nguvu zake chini zaidi ya hapo. Unyevu wake una maana kubwa. Chota konzi moja ya yale mavumbi na kokoto ndogo, uifumbate kwa nguvu, kisha ufumbue kiganja: donge likibaki limeshikana na kiganja hakikulowa, unyevu unatosha. Likisambaratika, nyunyiza maji. Likiacha maji mkononi, subiri jua lifanye kazi yake. Pitisha mashine mara kadhaa hadi kisigino cha buti kisiache alama. Mwinamo uliopangwa uanze kuonekana hapa kwenye msingi, ukipimwa kwa kamba na pima maji, kwa sababu lami iliyowekwa kwa unene usio sawa ili kusahihisha msingi uliopinda haishindiliki sawasawa.

Mfano wa hesabu utasaidia. Njia ya urefu wa mita 20 na upana wa mita 1.2 ina eneo la mita za mraba 24. Msingi wake, ukiwa na upana wa mita 1.5 na unene wa milimita 100, ni mita za ujazo 3 baada ya kushindilia, kwa hiyo agiza takribani 3.75, kwani kokoto zilizolegea hupungua zikishindiliwa. Lami ya milimita 50 ni mita za ujazo 1.2, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya lami iliyoshindiliwa ina uzito wa karibu tani 2.4, utahitaji kama tani 3 ukijumlisha kiasi kidogo cha akiba.

Msingi ukikamilika, ufagiwe vumbi lililolegea na unyunyiziwe lami nyepesi ya maji maji, takribani lita moja kwa mita ya mraba, kisha uachwe siku moja au zaidi hadi inywewe na kukauka. Wapo mafundi wanaoiruka hatua hii kwenye njia ndogo, na mara nyingine hakuna kinachoharibika. Lakini ikiwa mvua yaweza kunyesha kabla ya siku ya kumwaga, au kuna mteremko, usikubali irukwe.

Siku ya lami

Mchanganyiko wa lami ya moto ni kokoto na mchanga kwa takribani asilimia 95 ya uzito, na asilimia 5 iliyobaki ni lami yenyewe inayozishikanisha. Kwa njia ya miguu omba mchanganyiko wenye kokoto zisizozidi milimita 10, ambao huacha uso laini usiokwaruza sana mtoto akianguka. Hutoka kiwandani ukiwa na joto la nyuzi 150 hivi, na ushindiliaji unapaswa kumalizika kabla haujashuka chini ya nyuzi 80. Tabaka jembamba hupoa haraka, na upepo huipoza zaidi, kwa hiyo lori lije limefunikwa turubai na likute kila mtu yuko mahali pake: wa toroli, wa beleshi, wa reki na wa mashine. Mvua ikinyesha au msingi ukiwa umelowa, kazi iahirishwe. Kupika lami kwenye pipa juu ya kuni ni jambo la kuepukwa kabisa, kwa sababu joto halipimiki, lami huungua na kupoteza unato wake, na moto hauko mbali. Lami baridi ya kwenye mifuko inafaa kwa viraka tu.

Anza mwisho wa mbali ili toroli lisipite juu ya kazi mpya. Pindua toroli karibu na pale lami inapohitajika badala ya kuirusha kwa beleshi, kwani ikirushwa kokoto kubwa hujitenga na zile ndogo, na sehemu hiyo hubaki na vitundu vinavyonywa maji. Tandaza unene wa kama milimita 62 ili ubaki na 50. Mtu wa reki hutumia meno kusogeza na mgongo wa reki kusawazisha, na zile kokoto kubwa zinazobaki mbele ya reki hutupwa pembeni. Kuzirudisha juu ya lami kutaacha uso wenye vipele. Usitandaze eneo kubwa kabla mashine haijafuata.

Shindilia kuanzia ukingo wa chini kwenda wa juu, kila mpito ukigusia sehemu ya mpito uliotangulia. Bamba la kompakta au gurudumu la rola lilowanishwe maji ili lami isinate. Dizeli hutumiwa na wengi kwa kazi hiyo, nayo ni kosa, kwa kuwa huyeyusha lami na kuacha madoa laini yasiyokaza. Kingo zisizo na mawe ya pembeni zipigwe kwa beleshi au chuma bapa hadi zilale kwa mshazari wa nyuzi 45, na baadaye zijaziwe udongo. Kazi ikikatizwa, mwisho wa lami ukatwe wima na upakwe lami ya maji kabla ya kuendelea. Unganisho lililoachwa na mteremko mwembamba litabanduka.

Wafanyakazi wavae buti, glovu nene, mikono mirefu na suruali ya pamba. Mtu akiunguzwa, sehemu iliyoungua imwagiwe maji baridi yasiyo ya barafu kwa dakika 20 na apelekwe hospitali, na lami iliyoganda kwenye ngozi isibanduliwe, kwa sababu itaondoka na ngozi.

Ukimpa kazi mkandarasi

Maneno haya yaandikwe kwenye makubaliano: unene "baada ya kushindiliwa". Bila hayo, milimita 50 zilizomwagwa zitageuka 40 na hutakuwa na la kudai. Kina cha msingi, aina ya kokoto na mwelekeo wa maji navyo viandikwe, na uende kuutazama msingi kabla haujafunikwa. Akija mtu kubisha hodi akisema amebakiwa na lami kutoka kazi nyingine na atakufanyia kwa bei ya kutupa, kumbuka kwamba lami ya moto haingoji: hiyo iliyobaki inapoa wakati mnazungumza, na hakuna msingi ulioandaliwa wa kuipokea.

Baada ya kumaliza

Lami ikishapoa, mwagia ndoo chache za maji na ufuatilie yanavyotembea. Dimbwi linalobaki lizungushiwe chaki na fundi alirekebishe kabla hujamaliza kumlipa. Watu waweza kupita kesho yake. Gari lisubiri siku 3 au zaidi hali ya hewa ikiwa ya joto, na vitu vyenye miguu myembamba, kama viti na ngazi, viwekewe ubao chini katika wiki za kwanza.

Rangi nyeusi ya kuziba uso isipakwe mapema. Lami mpya huhitaji miezi 6 hadi 12 ili mafuta yake mepesi yatoke, na ikifunikwa kabla ya hapo hubaki laini. Nyufa, kwa upande mwingine, hazisubiri ratiba: ufa ukifikia upana wa milimita 5 au 6, uondolewe majani na vumbi kwa brashi ya waya, ukaushwe, kisha ujazwe lami ya kuzibia wakati wa kiangazi, kabla mvua za kwanza hazijaingia kwenye msingi.