Namna ya kuifuata ruzuku ya shule ya mtaani kwako

Nilipochaguliwa kuingia kamati ya shule ya msingi hapa kwetu Muheza, mkoani Tanga, nilichokijua kuhusu shule ni kushona sare. Kikao cha kwanza mzazi mmoja alisimama akauliza, "Serikali inaleta mamilioni kila mwezi, mbona watoto wanakaa chini?" Mwalimu mkuu akajibu kwamba hela haitoshi. Wakabishana hadi adhuhuri na hakuna aliyetaja tarakimu hata moja. Nilirudi nyumbani nimekereka. Mteja akiniletea kitambaa, tunakipima mbele yake kwanza, ndipo tuulizane kimebaki kiasi gani. Tangu siku hiyo nina kaunta buku la ruzuku, na haya ninayoandika ndiyo ninayofanya kila baada ya miezi mitatu.

Anza na kiwango. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipokuwa unakaribia kuanza. Kisha ukaja Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutekelezwa Januari 2016: ada ikafutwa mpaka kidato cha nne, na fedha zikaanza kutoka Hazina kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Ruzuku ya uendeshaji, ambayo walimu wanaiita kapitesheni, ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Katika hiyo 10,000, shilingi 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Zinazoteremka shuleni ni 6,000.

Sasa zidisha. Sisi tuna watoto 612. Mara 6,000 ni shilingi 3,672,000 kwa mwaka. Gawa kwa miezi 12 unapata 306,000. Laki tatu na elfu sita kwa mwezi, na humo humo mna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, mipira ya michezo na karatasi za ofisini. Nilipoisoma hesabu hii kwenye mkutano wa wazazi, mzee mmoja alitoa simu yake akaipiga upya, akapata ile ile. Maswali ya siku hiyo yalibadilika kabisa. Kwa hiyo usiende shuleni kabla hujafanya hesabu ya shule yako mwenyewe, maana bila hiyo utamtuhumu mtu kwa mamilioni ambayo hayajawahi kufika.

Usichanganye mafungu. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, shilingi 200,000 kwa mwezi, ni yake kwa kazi yake, haihesabiwi kwenye ruzuku. Fedha za chakula kwa shule zenye bweni au watoto wenye mahitaji maalumu nazo zina fungu lao. Fedha za majengo pia ni mbali.

Hatua inayofuata ndiyo watu wengi wanairuka, nayo ndiyo iliyotusaidia zaidi: hesabu watoto. Ruzuku hufuata takwimu ambazo shule imepeleka, kwa hiyo takwimu zikiwa na kasoro, hela nayo inakuja na kasoro. Chagua siku ya katikati ya wiki ambayo si ya mnada wala ya mvua kubwa, omba ruhusa, upite darasa kwa darasa na mwalimu wa zamu. Linganisha na rejista ya mahudhurio, kisha na idadi iliyomo kwenye takwimu zilizotumwa. Sisi tulikuta takwimu zinasema 574. Watoto 38, wengi wao wa darasa la kwanza walioandikishwa kwa kuchelewa, hawakuwa wameingizwa. Mara 6,000, hiyo ni 228,000 kwa mwaka, karibu robo tatu ya ruzuku ya mwezi mmoja. Hapakuwa na mwizi. Mwalimu mkuu alikuwa na vipindi 24 kwa wiki na hakuwa na karani. Tulikaa naye jioni mbili, tukapitia majina, takwimu zikarekebishwa.

Baada ya hapo omba kuona taarifa ya benki. Kamati ya shule imo kwenye Sheria ya Elimu ya 1978, na bajeti ya shule hupita mikononi mwake, kwa hiyo mjumbe haombi fadhila akitaka kuona hela iliyoingia. Lakini namna ya kuomba ina uzito wake. Mimi huenda baada ya vipindi, sisimami dirishani darasani. "Shikamoo Mwalimu, nimekuja na daftari langu, naomba tusome pamoja robo iliyopita." Chora safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kimelipia nini. Miezi ambayo hakukuingia kitu iandike pia, weka sifuri. Sifuri hizo ndizo utakazompelekea diwani. Mwaka 2017 shule zilianza kuandika mapato na matumizi kwenye mfumo wa kompyuta uitwao FFARS, hivyo omba na chapisho la mfumo ambao shule inautumia, lilingane na benki.

Kisha toka ofisini uone vitu kwa macho. Risiti ikisema katoni za chaki, fungua stoo uzihesabu, na uangalie leja ya stoo nani kazichukua. Mwaka juzi nilikuta fundi amelipwa kutengeneza madawati 20, nikahesabu 14. Moyo uliniruka. Niliuliza ofisini kwanza, nikaambiwa sita bado yako karakana yanasubiri mbao. Nilikwenda, nikayakuta. Ningeanza kulisema sokoni, leo nisingeweza kumtazama yule mwalimu usoni.

Ukinyimwa taarifa, andika barua, usigombane. Nenda kwa Afisa Elimu Kata, halafu kwa mkurugenzi wa halmashauri. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa anayeombwa taarifa siku 30 kujibu. Itaje kwenye barua, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Diwani wako mpe hesabu kwenye karatasi moja aipeleke Kamati ya Maendeleo ya Kata. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, ni kwa siku ambayo una ushahidi mkononi.

Kuhusu michango naomba nisikilizwe vizuri, maana hapa watoto wanaumia. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa hela ya mlinzi au ya uji. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima, kwa sababu ilikuwa imerudi kwa mlango wa nyuma. Mzazi anayetaka kuchangia kwa hiari anaruhusiwa, na sare, madaftari na kalamu vimebaki kuwa kazi yetu wazazi. Sisi chakula cha mchana tulikipitisha kwenye mkutano, muhtasari ukaandikwa, tukachagua wazazi wawili wa kupokea mahindi na maharage. Mwalimu hashiki debe wala shilingi. Asiye na mahindi analeta kuni, na mtoto wake anakula kama wengine.

Shule yako ikipata fedha za darasa, iwe ni za BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha shule za msingi, au za mfuko mwingine, ingia kamati ya mapokezi. Mwaka 2021 sehemu ya mkopo wa UVIKO wa shilingi trilioni 1.3 ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, na mengi yalijengwa na mafundi wa mitaani chini ya kamati za wanakijiji. Kazi ya mapokezi ni ndogo, nayo ndiyo inayolinda jengo: hesabu mifuko ya saruji inaposhuka garini, andika, weka saini yako. Usisaini kwa simu.

Jambo ninalolifuatilia sasa hivi ni la mwaka 2027. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Kwa hiyo watoto wa darasa la sita na wa la saba watamaliza pamoja mwaka huo, halafu Januari 2028 wote wanagonga mlango wa kidato cha kwanza. Nimehesabu wetu wa madarasa hayo mawili: 163. Sekondari ya kata iliyo jirani ina vyumba vinne vya kidato cha kwanza. Halmashauri huandaa bajeti miezi kadhaa kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1, kwa hiyo karatasi yenye namba hizo mbili nimeshampa diwani, na nakala yenye muhuri ninayo kwenye kaunta buku.