Siku ya Chekechea ya Nje: Namna ya Kupanga Ratiba Isiyokatiza Mchezo

Mtoto wa miaka 4 hajui saa. Anajua kipi hufuata kipi. Mpangilio wa siku basi usibadilike, hata dakika zikisogea. Saa zilizotajwa hapa zinafaa kundi la watoto 12 wa miaka 3 hadi 6 wakiwa na walezi watatu. Wakipungua hapo, msitoke: mmoja akimhudumia aliyeumia na mwingine akaenda kuita msaada, lazima awepo wa kubaki na wenzao.

Saa 1:15 asubuhi, kagua eneo kabla watoto hawajafika. Anza juu. Matawi makavu yaliyoning'inia ni hatari kubwa, nayo husahaulika kwa sababu wengi hukagua wakiwa wameinama. Kisha chuchumaa hadi usawa wa macho ya mtoto utafute miiba, viota vya nyigu na mimea inayowasha. Mwisho tazama chini: vipande vya chupa, kinyesi cha wanyama, mashimo. Gogo lipindue kwa kulivuta kuelekea kwako, ili kilichojificha chini yake kitokee upande wa pili. Upepo ukitikisa matawi makubwa, siku hiyo mtacheza uwanjani, mbali na miti.

Saa 2:00 pokea watoto. Muulize mzazi: amelalaje, amekula nini, anatumia dawa yoyote? Angalia viatu vinavyofunika vidole, chupa ya maji, na nguo kamili za kubadili zilizofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Wote waende msalani, hata anayesema hana haja.

Duara la asubuhi lisizidi dakika 15. Wahesabu kwa kuwagusa bega mmoja mmoja, uandike idadi. Utarudia hivyo kila mnapohama. Wataje mipaka wenyewe: tepe nyekundu zilizofungwa mitini kwenye usawa wa macho yao. Jaribuni mwito wa kurudi, mathalani filimbi mbili ndefu. Wiki ya kwanza ufanyeni mchezo mara nne au tano kwa siku, kwa maana mwito usiozoeleka hausikiwi siku ya dharura.

Mlezi mmoja atangulie, mmoja afunge msafara. Njia ya mita 300 huchukua nusu saa, na iache iwe hivyo: konokono aliyeonekana njiani ni sehemu ya somo. Mkifika, nawisheni kwa sabuni sekunde 20 kabla ya kitafunio. Kadiria nusu lita ya maji kwa mtoto kila anaponawa, yaani lita 12 wakinawa mara mbili. Maji ya kunywa yawe mbali na hayo.

Saa 3:45 huanza mchezo huru, nao upewe dakika 90 kamili. Hapa ndipo siku nyingi huharibika. Dakika 20 za mwanzo huonekana kama fujo: watoto wanatangatanga, wanagombania fimbo, mmoja ananung'unika kwamba hana la kufanya. Mlezi mgeni huingiwa na wasiwasi, akaleta shughuli aliyoiandaa. Asubiri. Baadaye kidogo wataanza kugawana kazi, huyu anachimba, yule anabeba majani, wengine wamekwisha jenga nyumba. Ukipiga filimbi dakika ya 40, umewakata walipoanza tu.

Kazi yako wakati huo ni kusimama unapowaona wote, kuandika maneno yao vilevile walivyoyasema, na kuingilia penye hatari, penye kilio au unapoitwa. Usimpandishe mtoto mtini. Aliyepanda kwa nguvu zake mara nyingi huweza kushuka, uliyemwinua hukwama. Asipite kimo ambacho mkono wako unamfikia, na mawe yaliyo chini yaondolewe kwanza. Fimbo ndefu kuliko mkono wa mtoto huburutwa ncha ikiwa chini. Kamba haizungushwi shingoni, na mlezi akiondoka pale huondoka nayo. Tunda wala uyoga wa porini hauliwi, hata unaofahamika, kwa sababu mdogo hatatofautisha unaofanana nao.

Mkisikia radi, ingieni ndani ya jengo mara moja na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mvua ya kawaida isiwafukuze, ila nguo zilizolowa zibadilishwe papo hapo: mtoto hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima kwa kuwa ngozi yake ni nyingi ikilinganishwa na uzito wake. Aliyenyamaza ghafla na kuacha kucheza, mguse tumbo na mgongo. Huenda ameshapoa kabla hajaanza kutetemeka.

Dakika 10 kabla ya kumaliza, watangazie, na kila mmoja umpe kitu cha kubeba. Baada ya kurudi, saa 5:45, kagua kupe nyuma ya masikio, kwapani na nyuma ya magoti. Kupe ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe taratibu bila kupindishwa. Usimpake mafuta wala usimchome. Je, mlezi akague na sehemu za siri za mtoto? La, hiyo ni kazi ya mzazi mwenyewe nyumbani wakati wa kuoga, basi mkumbushe anapokuja, umwonyeshe na kila mchubuko ulioandikwa daftarini. Watoto wakishaondoka, jaza upya mkoba wa huduma ya kwanza na uanike turubai.