Dhamana ya Gari: Kipuri Kipi Kinalipiwa, Kipi Kiko Juu Yako

Dhamana, yaani ahadi ya mtengenezaji wa gari, hulipia kipuri kilichokufa kwa kasoro ya kiwandani. Kilicholika kwa matumizi hailipii, wala kilichouawa na uzembe. Kwa hiyo kabla hujaenda kudai, jua kwanza kipuri chako kimeharibiwa na nini.

Kwenye kitabu cha dhamana anza na muda na kilomita. Kikisema miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia kufika ndicho kinachoifunga. Na siku huhesabiwa tangu gari lilipokabidhiwa kwa mnunuzi wa kwanza, si tangu ulipolinunua wewe mkononi mwa mtu.

Halafu tazama aina yake. Dhamana ya gari zima hugusa vitu vingi: alternata (inayochaji betri), stata (inayowasha injini), kompresa ya AC, mota za vioo. Ile ya mfumo wa nguvu huishia kwenye injini, giaboksi, difu (inayogawa nguvu kwa magurudumu) na shafti zinazozungusha magurudumu, ila mara nyingi hudumu zaidi. Breki pedi, sahani ya klachi, plagi, filta, waipa na balbu kwa kawaida ni zako. Matairi, na mara nyingine betri, huwa na dhamana yake mbali.

Ugomvi mkubwa huzuka kipuri kimoja kinapoua kingine. Chukua jointi, yaani kiungo, ya draivu shafti, ile shafti inayozungusha gurudumu. Imefunikwa kwa mpira uliojaa grisi. Mpira ukichanika, grisi hurushwa nje, mchanga na maji huingia, na baada ya muda utasikia ka-ka-ka ukikata kona. Jointi yenyewe inalipiwa, lakini fundi akikuta ufa wa siku nyingi ulioganda vumbi, atasema ulipuuza, na ni vigumu kumpinga. Kagua mipira hiyo kila servisi. Ukiona grisi imetapakaa upande wa ndani wa rimu, peleka gari mapema, kabla mlio haujaanza.

Ndivyo ilivyo hata kwa joto la injini. Pampu ya maji ikivuja kwa kasoro, inalipiwa. Ukiendelea kuendesha mshale wa joto ukiwa kwenye nyekundu, silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) ikapinda na gasketi inayoiziba ikaungua, unaweza kuambulia pampu peke yake. Mshale ukipanda, simama, zima injini, usifungue mfuniko wa radieta ungali wa moto, ita gari la kuvuta.

Tunza risiti ya kila servisi, iwe na tarehe, kilomita zilizosomeka, na daraja la oili (alama ya uzito wake, mathalani 5W-30), lilingane na lile la kitabu. Risiti iliyoandikwa "servisi" tu haikusaidii chochote: fundi akifungua injini akakuta oili imekuwa tope, swali la kwanza litakuwa ilibadilishwa lini na iliwekwa ipi.

Siku ya kudai, usiruhusu gereji nyingine ifungue kitu kwanza. Andika dalili: injini ikiwa baridi au ya moto, mwendo gani, gia ipi. Piga picha taa zilizowaka kwenye dashibodi. Uliza mapema, kwa maandishi, nani atalipa gharama ya uchunguzi dai likikataliwa. Na wakikataa, waandike ni kifungu gani kimekataa, kisha uombe kipuri cha zamani ili fundi mwingine akitazame.