Unga wa minerai ukikugusa ngozi ao jicho: namna ya kujua kama ni jambo dogo ao ni ya kukimbilia lopitali

Ndugu zangu wa Lubumbashi na njia yote ya Likasi, nyie wenye kuponda mabwe, wenye kuchekecha, wenye kujaza mifuko mu depo, na mafundi wenye kushika chokaa kila siku, naandika hii juu ya swali moja lenye linakuja kila mara pale kituo cha afya: "Munganga, inaniwasha tu kidogo, ni kitu?" Jibu yangu ni kwamba uchungu si kipimo. Chokaa yenye maji inaweza kula ngozi masaa mengi bila mtu kuskia chochote, na vumbi ya mabwe ya kawaida inaweza kukutoa machozi dakika kumi afu kesho yake jicho liko zima. Ukitaka kupima vizuri uangalie ni unga gani, umekaa ku mwili muda gani, na alama inabadilika namna gani saa kwa saa.

Lakini jicho njo kwanza, ju lenyewe halingojei hesabu.

Unga ukiingia mu jicho usianze kuchunguza, anza kuosha. Maji safi ya robine yanatosha, ata ya chupa ya kunywa, usipoteze dakika kutafuta maji ya famasi. Mulaze mtu upande, jicho baya liwe chini ili maji yasipeleke unga mu jicho lingine, afu mwaga polepole bila kukatisha kutoka kona ya pua kwenda nje. Kama amevaa lensi itoke haraka. Atafunga jicho kwa nguvu, hapo usimugombeze, ni mwili wake unajilinda, mwenzako ashikilie kope na kitambaa kikavu maana kope lenye maji linateleza ku vidole.

Sasa kitu chenye wengi wanasahau: kope la juu. Mwambie aangalie chini, shika nywele za kope, weka kijiti cha pamba katikati ya kope kwa nje, afu likunje kuelekea juu mpaka uone ile nyama ya pinki ya ndani. Chokaa inapenda kujificha pale, vidonge vidogo vyeupe vimenata, na ukiviacha vitaendelea kuchoma ata uoshe lisaa lizima. Vitoe na pamba yenye maji, rudia kuosha. Kwa vumbi ya mabwe dakika 15 mpaka 20 zinatosha, lakini kwa chokaa, sementi ao unga wa usine wenye haujulikani ni dakika 30 na zaidi, na unaenda lopitali ata kama jicho linaonekana zuri, ju chokaa inaingia ndani ya jicho na kazi yake haiishi pale umeifuta.

Kama muko na karatasi za pH, zenye kuonyesha ukali wa kitu: 7 ni katikati, chini ni asidi kama ndimu, juu ni ukali kama chokaa (mu maabara ya usine ziko, ombeni hata kumi ziwekwe mu sanduku ya huduma ya kwanza), ngojea kama dakika 5 baada ya kumaliza kuosha, afu gusisha karatasi ndani ya kope la chini. Jicho zima liko karibu na 7. Pima na lile jicho lingine ulinganishe, na kama la ugonjwa bado limepanda, osha tena.

Baada ya hapo njo unachunguza. Funika jicho zuri, aangalie na lile baya, asome herufi za ku telefone ao plaki ya motokari. Kama anaona ukungu na ukungu hautoki, ni lopitali. Angalia kile kioo cha mbele ya jicho na taa ya telefone kutoka upande: unaona vizuri duara ya rangi ya jicho na ile nukta nyeusi, ao kumekuwa kama mavundevunde? Ikiwa na mavundevunde ni lopitali. Na hii muishike sana: sehemu nyeupe ya jicho ikikuwa nyekundu ni kawaida, lakini ukiona kipande kimebaki cheupe kabisa, hakina ata mushipa moja, katikati ya wekundu, hiyo si dalili ya kupona, ni mishipa ya damu imeungua, na inatisha kuliko wekundu wote. Mwanga ukimuchoma sana, uchungu ukizidi kila saa, hapo pia usilale nyumbani. Na kama ni kipande cha jiwe ao chuma kimeruka wakati wa kugonga nyundo na kimechoma ndani, usioshe wala usikandamize, funika na kitu kisichogusa jicho, kitako cha kikombe kwa mfano, muende mbio.

Maziwa ya mama, ndimu, siki, mukojo, hapana. Wengine wanadhani siki itaua chokaa, lakini kuchanganya vitu hivyo mu jicho kunaleta joto na kidonda kipya. Na zile matone za kuua uchungu zenye munganga anatia wakati wa kuchunguza usipeleke nyumbani, zinafanya mtu asiskie kidonda chenye kinazidi.

Tuje ku ngozi. Ikiwa ni chokaa mbichi, ile yenye ikiguswa na maji inachemka, kwanza pangusa yote ikiwa kavu na brosi ao kitambaa, vua nguo na viatu, njo maji mengi sasa, dakika 20 na zaidi. Unga mwingine osha moja kwa moja. Angalia pale chokaa ya maji inakaa bila kuonekana: ndani ya bote, nyuma ya goti la fundi mwenye alipiga magoti ku sementi, chini ya saa ya mukono. Sementi mbichi iko na pH ya 12 mpaka 13, inakula polepole, na uchungu unaweza kuja magaribi wakati mtu ameshafika nyumbani na ameshakula.

Afu kuna jambo moja lenye linaniuma roho. Mwaka 1944 kule Marekani mwanasayansi John Draize na wenzake waliandika namna ya kupima kuwashwa kwa ngozi na jicho, wakiweka dawa ku sungura na kutoa alama kutoka 0 mpaka 4 kulingana na wekundu na uvimbe. Leo maabara nyingi zinatumia ngozi yenye kukuzwa mu chupa badala ya sungura, na ni vizuri, lakini ile fikra ya kutafuta wekundu imebaki mu vitabu. Ku ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani hivo. Inakuwa zambarau, ao kahawia nzito, ao kijivu, na mara nyingine haionekani kabisa. Kwa hiyo tumia mukono: gusa na mgongo wa kiganja, pana joto? pamevimba, pamekuwa na ukwaru, panauma ukibonyeza? Linganisha na upande wa pili wa mwili uleule, mukono wa kuume na wa kushoto. Munganga akikuambia "sioni wekundu" mwambie aguse.

Chenye tunaweza kuchukua kwao ni saa zao. Mu majaribio yale wanaangalia baada ya saa 1, saa 24, saa 48 na saa 72. Fanya vile vile: chora mupaka wa alama na biki, piga picha mahali pamoja pa mwanga, andika saa. Ikibaki ndani ya mupaka na kila siku inapungua, kuosha tu na vazelini inatosha. Ikivuka mupaka, ikitoa malengelenge, ikifanya kidonda cheupe ao cheusi chenye hakiumi ukigusa, hiyo ni kuungua kwa kweli.

Kobalti, ile metali ya mu minerai yetu, ni hadithi ingine, ju inaweza kuleta aleji. Dalili ya kuchoma tu inakuja ndani ya dakika ao masaa, inakaa pale unga uligusa, na inauma kuliko kuwasha. Yenye mwili umekataa, aleji, inachelewa siku moja ao mbili, inawasha sana, inatoka vipele vidogo vya maji na inasambaa mpaka kope na shingo, pahali unga haukugusa. Afu inarudi kila unaposhika kile kitu, ata kidogo. Kama kifungo cha suruali ya jinzi ao herini za bei ndogo zimekuwa zinakutoa vipele, mwambie munganga, maana wenye kukataa nikeli mara nyingi wanakataa na kobalti. Wanapima na viplasta ku mgongo vyenye vinakaa saa 48, wanasoma pale wanapovitoa na tena siku moja ao mbili baadaye. Usijijaribishe wewe mwenyewe kwa kusugua unga ku mukono, unaweza kuanzisha aleji yenye haikukuwa.

Ba mama wenye kutumia pomati za kubadilisha rangi, nyingi ziko na dawa ya kortizoni ndani, zinafanya ngozi iwe nyepesi na zinaficha dalili, kwa hiyo siku ya kuungua isiingie ata moja ku alama, na munganga ajulishwe.

Mufuko wa usine uko na alama. Ukiona picha ya kitu kinamwagikia mukono na kuula, ao namba ya hatari H314 ao H318, ni unga wa kuharibu, na chokaa iko ku H318. H317 ni ya aleji. H315 na H319 ni kuwasha. Mufuko hauna alama? Kijiko kidogo cha unga ndani ya maji mengi ya kikombe, uso mbali, tumbukiza karatasi ya pH: ikifika 11,5 na kupanda ao 2 na kushuka, shika unga ule kama moto. Ikikuwa katikati bado haimaanishi ni salama, kobalti haionekani ku karatasi.

Ukienda lopitali, beba picha ya mufuko, saa unga uliingia, dakika ulizoosha, na zile picha za mupaka wa biki.