Mtunza Wazee wa Tanga Adai Vipi Haki Yake
Anayetunza mzee au mgonjwa nyumbani kwa watu, iwe Ngamiani au Raskazone, aanze na daftari: aandike kila siku saa ya kuingia na ya kutoka, kwani madai yasiyo na kumbukumbu hugeuka maneno ya barazani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara 1.5 ya ujira, na za usiku huongezewa asilimia 5, jambo ambalo waajiri wengi husahau kwa wepesi wa ajabu. Kisha aombe mkataba wa maandishi. Akikataliwa, apeleke shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, au 30 ikiwa ameachishwa kazi.