Mgomba, mvule na kichuguu: jinsi ya kuhesabu kinga kwenye vita vya vijisanamu

Katika mchezo wa vita vya vijisanamu, ubishi mwingi mezani huzuka pale mpiga mishale anapomlenga adui aliyejibanza nyuma ya kitu. Mmoja anasema anaonekana, mwingine anakataa, na mchezo unasimama. Dawa yake ni kipande cha uzi, pamoja na kanuni mliyokubaliana kabla dadu haijarushwa. Hapa tunatumia kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, la mwaka 2014.

Chukua uwanja wa vita ulio kwenye shamba la migomba, kama yale ya Masaka, Uganda. Anayesimama nyuma ya mgomba mmoja ana kinga nusu: namba yake ya ulinzi, ile ambayo dadu ya mshambuliaji pamoja na nyongeza yake lazima ifikie, inapanda kwa 2. Nyuma ya mvule mnene ni kinga ya robo tatu, yaani inapanda kwa 5. Nyuma ya kichuguu kinachomfunika mzima ni kinga kamili. Halengwi moja kwa moja hata kidogo. Kuna atakayesema shina la mgomba ni laini, mshale utapenya. Ni kweli, lakini kanuni inauliza ni kiasi gani cha mwili kimefichwa, haiulizi ugumu wa kitu. Ndiyo maana hata mwenzako aliyesimama katikati humpa adui kinga nusu.

Msizione namba hizo kuwa ndogo. Mshambuliaji mwenye nyongeza ya 5 akimlenga mtu wa ulinzi 15, anahitaji kupata 10 au zaidi kwenye dadu ya pande 20: nafasi yake ni asilimia 55. Kinga nusu inaishusha hadi 45, na robo tatu hadi 30.

Uwanja wenyewe chapisheni Nasser Road, mtaa wa wachapaji jijini Kampala, kwenye karatasi ya A1. Kama vijisanamu vyenu vinasimama juu ya vizibo vya soda, miraba ya inchi moja haitoshi, kwa sababu kizibo kina upana wa takriban milimita 32. Chora miraba ya milimita 35; inaingia 23 kwa 16 na ukingo unabaki. Mwambie mchapaji atoe kwa asilimia 100, asiipunguze ili ienee karatasini, kisha pima kwa rula kabla hujalipa: miraba 10 iwe milimita 350 kamili. Vichuguu vikate kutoka kwenye trei za mayai, na kila kizuizi kijaze mraba mzima. Kikikaa nusu ya mraba, ubishi unarudi palepale.

Sasa uzi. Mshambuliaji anachagua kona moja ya mraba wake, ile inayomfaa zaidi. Kutoka hapo mnavuta uzi hadi kona zote nne za mraba wa anayelengwa. Ukikatwa na kizuizi mara moja au mbili, ni kinga nusu. Ukikatwa mara tatu au nne, na shambulio bado lina njia ya kufika, ni robo tatu. Amueni mapema kuhusu uzi unaopita sambamba na ukuta na kuugusa tu. Sisi tunashauri uhesabiwe kuwa wazi.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, wakidhani kinga ni sawa kwa pande zote mbili. Msimamishe mpiga mishale nyuma kabisa ya mraba wa mwisho wa ukuta mrefu, na adui awe miraba 10 mbele na 2 kando, upande ule ukuta unapoishia. Mpiga mishale akichagua kona yake iliyo kwenye ncha ya ukuta, nyuzi zote nne zinapita. Adui akijibu, hata achague kona gani, nyuzi mbili zinagonga ukuta. Kwa hiyo mmoja analenga bila kikwazo huku akiwa na kinga nusu. Ndiyo faida ya kuchungulia ukutani, na kanuni inaikubali.

Ukuta unaofika kiunoni hautoi zaidi ya kinga nusu, hata uzi ukikatwa mara nne. Wala kinga hazijumlishwi: mgomba na mvule vikiwa kwenye njia moja, hesabu 5 peke yake, si 7.

Kwa chungu cha moto kinacholipuka, nyongeza ileile inaingia kwenye dadu anayorusha anayelengwa ili kukwepa mlipuko, lakini uzi hauanzii kwa aliyekirusha. Unaanzia pale kilipopasukia. Kikipasuka mbele ya kichuguu, aliyejificha anafaidika. Kikirushwa juu na kupasukia upande aliko, kile kichuguu hakimsaidii kitu.