Unaanza timu ya chialida (cheerleading, ile ya kushangilia kwa dansi, sauti na kuinuana) ya watoto Kampala? Anzia chini

Jamani, kumrusha mtoto juu siku ya kwanza sahau kabisa. Kwanza mkeka, ukikosa tumia hata ile ya karate au judo, lami na simenti ya uwanja wa shule hapana, na mvua ikinyesha nyasi zinateleza kwa hiyo siku hiyo fanyeni dansi na sauti tu.

Kumwinua mtoto kuna wawili wa chini wanaoshika miguu, mmoja nyuma ambaye macho yake hayatoki kwa aliye juu, huyo ndo anadaka kichwa na mabega, na kwa maoni yangu mpe yule mtulivu kuliko wote, si lazima awe mrefu sana. Wa chini wanakunja magoti, mgongo wima, wanainua kwa miguu, wote wanahesabu mpaka nane kwa sauti. Anayepanda anakaza mwili mzima, akilegea tu anakuwa mzito balaa. Anzeni usawa wa paja, kisha kiuno, mabega baadaye sana.

Halafu pumzi: onyesho la mashindano huwa kama dakika 2 na nusu bila kusimama, kwa hiyo wakimbizeni mlimani, Kampala vilima si shida.

Na usimnyime mtoto chakula eti abaki mwepesi.